Keki ya Mwezi wa Tano

Bibi Bernadine alishuka ngazi saa moja na robo asubuhi akiwa amevaa fulana ya zambarau iliyoandikwa WHARNLEY kifuani, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na chini yake kwa herufi ndogo: Bibi wa Mwanafunzi. Aliiagiza mwenyewe tangu yuko kwake Toledo, Ohio. Akaivaa kwenye ndege, akaivaa tena sokoni Halifax, kaskazini mwa Uingereza, siku ya pili ya kufika, na kila aliyemtazama zaidi ya mara moja aliambiwa kwamba mjukuu wake anakwenda Chuo Kikuu cha Wharnley kusomea udaktari wa wanyama.

Binti yake, Glenda, alikuwa mezani anakoroga chai ambayo hakuitia sukari. Alipoiona ile fulana aliacha kukoroga.

"Mama, huna nguo nyingine ya kuvaa leo?"

"Ya nini? Leo si ndiyo siku yenyewe?"

"Leo majibu ndiyo yanatoka. Tungesubiri kidogo."

"Tusubiri nini na keki tulishakula?" Bibi alivuta kiti akaketi kwa raha zake. "Stuart, baba, nimesikia harufu ya nyama huko. Usiniunguzie."

Stuart, mume wa Glenda, alikuwa jikoni anageuza vipande vya nyama ya nguruwe ambavyo alishavigeuza mara nne. Yeye ni mzaliwa wa hapahapa Halifax. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita akaingia gereji ya mabasi, na katika mambo ya vyuo alikuwa na adabu ya mtu anayejua kwamba hajui: alinyamaza. Laiti mke wake naye angekuwa na adabu hiyo.

Ghorofani mlango wa binti yao Corinne ulikuwa umefungwa. Saa mbili kamili ukurasa wa maombi ya vyuo ungefunguka nchi nzima, na kila mtoto wa Uingereza aliyemaliza kidato cha sita angejua kama ana chuo au hana. Zilibaki dakika arobaini na mbili. Glenda alizijua bila kutazama saa.

Sasa kosa la Glenda lisemwe lote, maana halikuwa la uvivu wala la ujinga. Angekuwa mjinga angeuliza. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mshauri wa wanafunzi katika sekondari moja ya Toledo, na kazi yake ilikuwa kuwaingiza watoto vyuoni. Aliijua kazi hiyo kama anavyojua njia ya chooni kwake. Kule alama hukusanywa kidogokidogo, miaka minne, kwa kila mwalimu na kila somo. Mtoto huandika insha kujieleza yeye ni nani. Walimu humwandikia barua za kumsifu. Ukipiga zumari, vizuri. Ukijitolea kulisha wazee au kuosha mbwa wasio na wenyewe, vizuri zaidi. Barua ya kukubaliwa hufika majira ya kuchipua, na tarehe mosi ya mwezi wa tano watoto huvaa fulana za vyuo vyao, keki inakatwa, picha zinapigwa, basi, mambo yamekwisha.

Chini kabisa ya barua ile huwa kuna mstari mmoja unaosema nafasi hii ni yako iwapo utamaliza mwaka vizuri. Mstari huo hakuna anayeusoma. Katika miaka kumi na tisa Glenda alimwona mmoja tu aliyenyang'anywa nafasi kwa sababu yake, na huyo alikuwa amechoma moto choo cha shule.

Miaka miwili iliyopita mama mzazi wa Stuart alifariki akawaachia nyumba, nao wakahama Toledo kuja Halifax, Corinne akaingia kidato cha tano. Masomo matatu tu: bayolojia, kemia, hisabati. Ilipofika wakati wa kuomba chuo, walimu waliandika alama zake: A, A, A. Glenda alizibusu. Mwezi wa tatu Wharnley wakajibu kwamba nafasi ni yako, iwapo utapata A, A na A. Glenda akausoma ule mstari, akatabasamu. Aliujua. Alikuwa ameuona mara mia saba.

"Mama, bado sijapata," Corinne alimwambia siku hiyo. "Ile ni masharti. Nikikosa A moja tu mwezi wa sita, sina kitu."

"Mwanangu, vyuo nimevijua kabla hujazaliwa. Hebu niachie mimi."

Akakata tiketi. Wiki mbili za likizo ya Pasaka, wenzake Corinne wakiwa wamejifungia na mitihani ya miaka iliyopita, Corinne alikuwa Toledo anapelekwa kwa shangazi huyu na shangazi yule kupongezwa. Kila Jumamosi tangu Januari alikuwa kwenye makazi ya mbwa, kwa sababu mama yake alisema chuo kinamtazama mtu kwa ujumla wake. Tarehe mosi ya mwezi wa tano keki ya zambarau ilikatwa Halifax, Toledo wakitazama kwa simu. Katika picha zote za siku ile Corinne anacheka kwa mdomo tu.

Glenda alizinduka katikati ya mwezi wa sita, asubuhi ya mtihani wa kemia. Alimshusha Corinne shuleni akaona msichana mmoja anatapika kando ya uzio na wenzake wanampita, hawashangai. Akamfuata mwalimu wa kemia, Bwana Ackroyd, aliyesimama getini.

"Mwalimu, kwani mitihani hii ina uzito gani? Alama si mlishazitoa?"

Bwana Ackroyd alimtazama kama mtu anayedhani anataniwa. "Zile tulibashiri tu, mama. Hizi ndizo alama. Zote kabisa."

Glenda alirudi kwenye gari akakaa humo mpaka mtihani ukaisha. Hakumwambia mtu. Wiki tisa alilala na jambo hilo, akaamka nalo, akaenda nalo uwanja wa ndege kumpokea mama yake na fulana yake. Mara kumi alitaka kusema, mara kumi akajiambia, huenda akapata, na akipata kuna haja gani ya kusema? Alikuwa mwoga, na alijijua kuwa mwoga, na hilo lilimuuma kuliko hofu yenyewe.

"Yule mtoto wa kaka yako," Bibi alikuwa anamwambia Stuart, mdomo umejaa, "yule wa Uskochi. Si keshaingia?"

"Fergus? Ameingia. Matokeo yao yalitoka Jumanne ya wiki iliyopita, kwa ujumbe wa simu."

"Wiki iliyopita? Kisiwa ni hikihiki kimoja, na kila upande una mtihani wake?"

"Wale wana wao na sisi tuna wetu, mama. Wao chuo miaka minne, sisi mitatu. Udaktari wa wanyama ndiyo mitano."

"Mnajitesa bure," Bibi alisema. "Kwetu mtu anajua mapema, analala usingizi."

Glenda aliinuka akaenda kumwaga chai yake kwenye sinki.

Saa mbili na dakika nne mlango wa juu ulifunguka. Corinne alishuka ngazi taratibu, bado na soksi za kulalia, simu mkononi. Hakulia. Uso wake ulikuwa mtulivu.

"Hawajanichukua," alisema.

Stuart alizima jiko.

"Hawajakuchukua vipi?" Bibi aliuliza. "Si walishakuchukua?"

"Mama," Glenda alimwambia Bibi, "ngoja kwanza."

"Nangoja nini? Nimevaa fulana!"

"Alama zenyewe sijaziona," Corinne alisema. "Zinatolewa shuleni. Mama, unipeleke?"

Wakaingia garini. Glenda aliendesha mikono imeshika usukani kwa nguvu. Kichwani alikuwa anapanga. Siku hii vyuo vyote vya Uingereza huketisha watu kwenye simu tangu asubuhi. Aliyekosa hupiga mwenyewe, anataja alama zake, anauliza kama kuna kiti kimebaki, na viti vinakwisha kwa dakika. Hili Glenda alikuwa amelisoma usiku na mchana kwa wiki tisa. Safari hii alikuwa amesoma kila mstari.

Kwenye maegesho ya shule watoto walikuwa makundi makundi, wengine wanarukiana, wengine wamesimama peke yao wanatazama viatu. Corinne aliingia ndani, akarudi na karatasi, akampa mama yake dirishani. Bayolojia A. Hisabati A. Kemia B.

"Kemia," Glenda alisema.

"Kemia. Bwana Ackroyd ananiita, nikamwone dakika mbili."

Akaondoka. Simu yake aliiacha kwenye gari, imechomekwa chaji.

Glenda aliitazama ile simu. Namba ya Wharnley aliijua kwa moyo, na namba ya maombi ya Corinne pia. Akapiga, akaiweka spika, akashika kalamu. Alisubiri dakika tatu, kisha akapokea mwanamke.

"Wharnley, habari ya asubuhi. Naongea na mwombaji mwenyewe?"

"Mimi ni mama yake. Amekosa alama moja tu, na mimi nilikuwa mshauri wa wanaf..."

"Pole sana, kipenzi. Tunaongea na mwombaji tu. Mpe simu tafadhali."

"Hayupo hapa karibu, lakini mimi ninaweza..."

"Basi apige mwenyewe akiwa tayari. Asante, kipenzi." Simu ikakatwa.

Corinne alikuwa bado mlangoni mwa shule anaongea na mwalimu. Dakika zilikuwa zinakwenda, viti vinakwenda. Glenda aliishika tena ile simu. Kule Toledo angempigia mkuu wa udahili moja kwa moja, wangeulizana habari za watoto, jambo lingezungumzika. Huku hata jina lake halikuwa na kazi. Akapiga tena.

Safari hii alipokea mwanamume, sauti ya kijana.

"Naongea na mwombaji mwenyewe?"

"Ndiyo," Glenda alisema. "Ni mimi. Corinne Thwaite."

Alitoa namba ya maombi, akatoa tarehe ya kuzaliwa, akataja alama. Lafudhi ya Ohio wanayo wote wawili, na sauti kwenye simu haina mvi. Kijana yule aliandika.

"Kemia tulitaka A, Corinne, na umepata B. Kuna jambo lolote lilitokea ambalo tungepaswa kulijua?"

Hapo ndipo palipokuwa uwanja wake. Miaka kumi na tisa aliwafundisha watoto kulijibu swali hili. Sema kifo cha bibi. Bibi mzaa baba alikufa kweli, miaka miwili iliyopita, na hakuna atakayeuliza tarehe. Sema kuhama nchi. Sema ugonjwa. Glenda alifungua mdomo aseme kifo, akamwona Corinne kwa mbali anaitikia kwa kichwa polepole maneno ya mwalimu wake, karatasi ameikunja ndogo sana mkononi.

"Mama alinipeleka Marekani," Glenda alisema.

"Samahani?"

"Wiki mbili za Pasaka. Wenzangu walikuwa wanasoma. Mimi nilikuwa napelekwa kwa mashangazi kupongezwa. Nilimwambia bado sijapata, akacheka. Yeye alikuwa mtaalamu. Na kila Jumamosi alinipeleka kuosha mbwa, na mwezi wa tano akanikatia keki." Glenda aliweka kalamu chini. "Mimi nilimwambia. Hakunisikia."

"Pole sana. Na mama yako anajua hayo?"

"Anajua. Anajua tangu mwezi wa sita. Ameshindwa kusema."

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Glenda hakujua ulifunguliwa lini. Corinne alikuwa amesimama hapo, mkono juu ya mlango.

"Mama," alisema, "nipe simu."

Glenda alimpa.

"Samahani," Corinne alisema kwenye simu. "Corinne Thwaite ni mimi. Huyo alikuwa mama yangu."

Glenda aliinamisha kichwa. Alijua alichokifanya: kama palikuwa na nafasi hata moja iliyobaki, ameiua kwa mdomo wake.

"Tarehe ya kuzaliwa?" kijana aliuliza, na Corinne akaitaja. "Haya. Sikudanganyi, Corinne. Nafasi za mwaka huu zilikwisha saa mbili na dakika ishirini. Kabla hamjapiga."

"Sawa."

"Lakini ulituchagua sisi wa kwanza, na umekosa kwa alama moja. Walio hivyo tunawapokea wakirudia mtihani, mara moja tu. Rudia kemia mwezi wa sita, uombe upya. Ukipata A utashindana na wengine wote. Siahidi kitu."

"Nimeelewa. Hakuna ahadi."

"Mama yako yuko hapo?"

"Yuko."

"Mwambie siku nyingine tunaongea na mwombaji tu."

"Nitamwambia," Corinne alisema. "Asante."

Akaingia garini, akafunga mlango, akajifunga mkanda. Glenda hakuwasha gari. Alikuwa analia kwa namna ambayo hakuwahi kulia mbele ya mtoto wake, pua na macho pamoja.

"Tangu mwezi wa sita?" Corinne aliuliza.

"Siku ya mtihani wa kemia. Nilimuuliza Ackroyd getini."

"Wiki tisa, Mama. Wiki tisa mimi nakaa mezani, Bibi na fulana yake, nawatazama wote mnacheka, najiambia humu ndani ninayejua ni mimi peke yangu. Usiku nilikuwa nashindwa kupumua. Na wewe uko chumba cha pili unajua?"

"Niliogopa."

"Mimi je?"

Glenda alitafuta kitambaa, hakukiona, akajifuta kwa mkono wa blauzi.

"Kwa nini ulikubali kwenda?" aliuliza mwishowe. "Pasaka. Ungekataa. Ungenipigia kelele."

Corinne alitazama nje, kule watoto wengine walikuwa wanapiga picha. "Tangu tuhamie huku ulikuwa hufurahii kitu. Huna kazi, huna rafiki, kila kitu hukijui. Barua ilipokuja ukawa mtu. Ulikuwa unaimba jikoni. Nikaona nitasoma kwenye ndege." Akameza mate. "Na sisemi ni kosa lako lote. Ile B niliiandika mimi. Lakini ulipaswa kunisikia."

"Nilipaswa."

"Basi. Twende nyumbani."

Walipofika, Stuart na Bibi Bernadine walikuwa palepale walipowaacha. Nyama ilikuwa imepoa kwenye sahani. Bibi aliinuka, WHARNLEY kifua kizima.

"Enhe? Kaingia hakuingia? Maana huyu bwana namuuliza ananiambia tusubiri, tusubiri, kama daktari wa meno."

Corinne alifungua mdomo. Glenda alimshika mkono.

"Niache niseme mimi," alisema. Akabaki amesimama, maana alihisi akiketi atashindwa. "Mama, hakuingia. Kwetu barua ikifika umepata. Hapa barua ni maneno tu. Hapa unafanya mitihani mwezi wa sita, na mitihani hiyo ndiyo kila kitu, na mpaka leo asubuhi mtoto huyu hakuwa na chuo. Hakuwahi kuwa nacho. Aliniambia mwezi wa tatu nikamcheka. Nikamchukua Pasaka nikamleta kwako wakati wenzake wanasoma. Amekosa alama moja, kwenye kemia. Atarudia mwakani, na hata akifaulu hawajaahidi."

Stuart alikaa kwenye kiti polepole. Bibi alimtazama binti yake, akamtazama mjukuu, kisha akashusha macho kwenye kifua chake mwenyewe.

"Sasa ile keki," alisema, "ilikuwa ya nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu hakuelewa, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeweza kulikwepa swali lake.

"Ilikuwa yangu, Mama," Glenda alisema. "Nilijikatia mimi."

Bibi alipanda ngazi. Aliporudi alikuwa amevaa blauzi ya maua, na fulana ameikunja vizuri kama ilivyotoka dukani. Akaitia kwenye droo ya chini kabisa ya kabati la vyombo, chini ya vitambaa vya meza.

"Hiyo isiguswe," alisema, "mpaka Corinne mwenyewe aitoe."

Corinne alichukua kipande cha nyama iliyopoa, akakila akiwa amesimama. Kisha akaokota mkoba wake na kuanza kupanda ngazi. Katikati alisimama.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Pasaka mwakani sitoki humu ndani."

"Hutoki," Glenda alisema. "Utakavyosema wewe."

Corinne alimtazama kidogo, kama anayepima ni kiasi gani cha neno hilo kiaminiwe, kisha akaendelea kupanda. Mlango wa juu ulifungwa. Glenda alikusanya sahani, akafungua bomba, na mpaka anamaliza kuosha alikuwa bado anasikiliza juu.